Kucheka Lugha na Kumcheka Mtu



Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka alinipigia simu akanitaka niandike jambo la kuchekesha, kwa kuwa, kama alivyosema, kurasa za mwaka uliopita zilijaa tanzia na watu wamechoka kulia. Nikamjibu kuwa mimi ni mzee niliyekula mshahara wa kompyuta maisha yangu yote, na watu wa kazi ile hawana sifa ya uchekeshaji. Akaniambia, "Basi, Mzee, andika hilo hilo." Nimetii. Lakini namwomba msomaji anivumilie mpaka mwisho, kwani nimeanza na mzaha na nitamaliza na deni.

Wakubwa wenzangu wanajua, na vijana huenda hawajui, kwamba mwaka 1971 nilipata kazi katika chumba cha kompyuta cha halmashauri ya mji mmoja wa kusini mwa Uingereza. Mashine yenyewe ilikuwa ICL ya namna ya 1900. Ilijaza ukumbi mzima uliopozwa kwa mitambo, nasi tukivaa sweta mwezi wa Julai. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayozisimamia programu nyengine zote, kama nokoa alivyokuwa akiwasimamia wachumaji karafuu shambani: huyu apande, yule angoje, yule mwengine ashuke. Mfumo endeshi wetu uliitwa GEORGE 3. Waingereza wenzangu walikuwa wakisema jina limeufaa, kwa kuwa Mfalme George wa Tatu naye mwisho wake alirukwa na akili.

Programu zetu tuliziandika kwenye kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Kila kadi ina safu 80 na inabeba mstari mmoja tu wa programu. Programu ya kodi za nyumba ilikuwa kasha zima la kadi. Wiki yangu ya pili kazini kasha likanitoka mikononi kwenye ngazi, kadi zikateremka mpaka mlango wa mtaani. Palikuwa na Mwingereza mmoja mtu mzima, mkongwe wa chumba kile. Hakunikemea wala hakucheka. Aliinama tukaokota pamoja, kisha akanionyesha hila ya wenye kazi: unalishika bunda likiwa limepangika, unachora kwa kalamu mstari wa mshazari ubavuni mwake, siku likimwagika, unazipanga kadi mpaka mstari uungane tena. Nimemkumbuka sana mzee yule wakati nikiandika makala haya, na sababu yake mtaiona.

Sasa, kompyuta haifahamu Kiingereza wala Kiswahili. Kwa hiyo watu wametunga lugha za katikati, mamia kwa mamia, za kuiamrisha mashine. Lugha yetu pale kazini ilikuwa COBOL, iliyoanza kutungwa na kamati huko Marekani mwaka 1959. Kila lugha ina kabila lake la waandishi, na kila kabila linawacheka makabila mengine. Ikiwa mlidhani watu wa kompyuta hukaa kimya mbele ya skrini kama waliofiwa, mmekosea. Wana utani wao, na utani huo ndio ninaotaka kukuelezeni.

Nimeujua vizuri kwa mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu mkubwa, ambaye naye siku hizi ni mwandishi wa programu huko London. Idd el Fitr ya mwaka juzi alinifuata jikoni, mimi nikiwa nimekimbia makelele ya sebuleni, akaniuliza: "Babu, ni kweli uliandika COBOL?" Aliniuliza kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yake, maneno yake humu nayaandika kwa Kiswahili.

Nikamwambia ni kweli, na kwa miaka 30. Akacheka kana kwamba nimemwambia nilikuja Uingereza kwa jahazi. Akaniuliza kama najua kwamba mwaka 1975 bingwa mmoja wa Kiholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika kuwa COBOL inalemaza akili na kuifundisha kungestahili kuhesabiwa kosa la jinai. Nikamwambia najua, na sijamsamehe.

"Lakini COBOL," nikamwambia, "ina adabu. Programu yake ina sehemu nne. Kwanza inajitambulisha jina. Pili inaeleza inakaa wapi, kwenye mashine gani. Tatu inataja vitu ilivyo navyo. Ya nne ndiyo inasema shida iliyoileta. Huyo ni mgeni wa Kiswahili khasa: khabari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, ndipo anapokwambia amekuja kukopa pauni kumi. Hiyo Python yenu inafungua mlango bila ya hodi na kusema, 'Nipe.'"

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Python, kwa wasioijua, si chatu. Ilitolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, naye Mholanzi, na aliipa jina la wale wachekeshaji wa BBC, Monty Python, ambao wazee wengi humu tuliwatazama bila ya kufahamu tunachekeshwa kwa lipi.

"Umetaja hodi, Babu," akasema. "Sikiliza. Mtu anabisha: 'Hodi!' Wenye nyumba wanauliza: 'Nani?'" Kisha akanyamaza. Akanywa chai. Akatazama dirishani. Nikadhani amesahau. Mwisho akasema, taratibu: "'Java.'"

Java ilitoka mwaka 1995 na imepewa jina la kahawa, lakini mwanzoni mwake ilikuwa nzito kuamka. Siku hizi imechangamka sana, ila mzaha haujafutwa, kwani watani hawafuti madeni. Mwaka huo huo ilitoka nyengine iitwayo JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich kwa siku kumi, na watu hudhani hizi mbili ni ndugu. Mjukuu wangu akanieleza kwamba hazina udugu wowote ila jina. Nikamwambia basi ni kama paka na pakacha. Hilo alilichukua akaenda nalo kazini kwake, na nasikia limewabidi wenziwe kuuliza pakacha ni nini.

Tukakaa jikoni saa nzima tukibadilishana. LISP ya mwaka 1958 imejaa mabano tupu, na hadithi yake ni kwamba mwizi aliiba ukurasa wa mwisho wa programu ya siri ya LISP, akakimbia nao, alipoufungua akakuta mabano ya kufungia tu, ukurasa mzima. C++ ilipewa jina lake mwaka 1983. Alama zile mbili maana yake ni "ongeza moja". Lakini kwa sheria za lugha ya C, alama zikikaa nyuma ya jina unapewa kwanza thamani ya zamani, na nyongeza inakuja baadaye. Basi watani husema: wameitengeneza C ikawa bora, kisha wakaendelea kuitumia ile ile. Na COBOL ikitengenezwa vivyo hivyo, wanasema, haitaitwa kwa alama mbili fupi. Itaitwa ONGEZA MOJA JUU YA COBOL UPATE COBOL.

Mifumo endeshi nayo haikusalimika. Windows 95, iliyotoka mwaka huo wa 1995, ilimtaka mtu anayetaka kuzima mashine abonyeze kwanza kitufe kilichoandikwa "Anza". Na ziko kompyuta za zamani ambazo, ukisahau kuchomeka kibodi, zilikuandikia kwenye skrini kuwa hakuna kibodi, bonyeza F1 kuendelea. Nimewahi kuona mtu amesimama mbele ya maandishi hayo dakika tano nzima akitafakari.

Katikati ya mazungumzo simu ya mjukuu wangu ikalia. Mwenzake wa kazini alikuwa na shida, naye akamwelekeza palepale, kwa sauti kubwa: "Hao watoto wamekwisha kufa, huwezi kuwaua mara ya pili. Muue mzazi wao. Kisha namba moja atawachukua na kuwazika."

Bibi yake alikuwa ameingia na sahani ya visheti. Akasimama. Akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akasema: "Huyu kaingia kazi gani?"

Ikabidi tumweleze. Katika Unix, mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani, programu inayoendeshwa inaweza kuzaa nyengine, na hizo huitwa mzazi na mtoto. Mtoto akimaliza kazi yake amekufa, lakini jina lake halifutwi daftarini mpaka mzazi aulize khabari za mwisho wake. Mzazi asipouliza, mtoto hubaki pale, si hai wala hakuzikwa, na wenyewe humwita kwa jina la maiti atembeaye. Mzazi naye akifa, watoto walioachwa huwa mayatima, na mayatima wote huchukuliwa na programu namba moja, mkubwa wa ukoo, ambaye kazi yake ni kuwauliza na kuwafuta wote. Bibi yake akafikiri kidogo, akasema, "Huyo namba moja ana dini kuliko wengi." Akaweka visheti akaondoka.

Lugha aliyoipenda yeye ni INTERCAL. Hii waliitunga wanafunzi wawili wa Princeton, Don Woods na James Lyon, mwaka 1972, kwa mzaha mtupu, ili ifanane na lugha nyengine kidogo iwezekanavyo. Ndani yake mwandishi lazima aiambie mashine "tafadhali". Akisema tafadhali chache mno, mashine inaikataa programu kwa ukosefu wa adabu. Akizidisha, inaikataa pia, kwa kujipendekeza. Mke wangu akasema hiyo ndiyo lugha pekee ya kompyuta iliyotungwa na watu waliolelewa.

Na tulipofika kwenye Ubuntu, ambao ni mfumo endeshi wa jamii ya Linux uliotolewa kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, tulicheka sote watatu. Jina lake ni la lugha za huko kusini, na ni lile lile neno letu utu. Ubuntu ulijengwa juu ya mfumo mwengine, Debian, uliokuwa na sifa ya kuwatoa jasho wageni. Watani wakaeneza kwamba ubuntu ni neno la kale la Afrika, na maana yake ni: "Nimeshindwa na Debian."

Kisha ikaja hadithi ya mkate, na hii nawaomba muisome kwa makini. Mke anamwambia mumewe, mwandishi wa programu: "Nenda dukani ulete mkate mmoja. Wakiwa na mayai, lete sita." Mume anarudi na mikate sita. Anaulizwa, "Umefanya nini?" Anajibu, "Walikuwa na mayai." Amefuata amri kama kompyuta ifuatavyo, neno kwa neno.

Mjukuu wangu aliisema kwa Kiingereza. Mimi nikairudia kwa Kiswahili, polepole, kumwonyesha kuwa inawezekana. Nikamwambia inawezekana kwa bahati tu, kwa sababu sita haibadiliki. Mikate sita, mayai sita. Lau mke angelitaka mayai matano, mzaha ungelikufa: angelisema "lete matano", na mume, hata awe mpumbavu vipi, angelijua ni mayai, kwani mikate ingelikuwa "mitano". Kiswahili kingelimwokoa.

Mjukuu wangu akakaa kimya. Akasema, "Babu, hizo ni aina." Akanieleza, na mimi nikajua anachosema: ziko lugha za kompyuta ambazo kila kitu hupewa aina yake tangu mwanzo, na mashine huipitia programu nzima kabla ya kuiendesha, ikikataa kitu cha aina hii kishikamane na cha aina ile. "Hiyo ndiyo ngeli," nikamwambia. "Ki kwa ki, vi kwa vi. Kumbe umesomea Kiswahili miaka yote na hukujua."

Nilidhani atacheka. Akasema, "Unajua kwa nini sikujifunza?"

Sikujua. Akanikumbusha. Alikuwa na miaka saba, ilikuwa Idd, sebule imejaa wageni. Akaja mbele yangu akasema, kwa Kiswahili chake cha siku zile, "Babu, kitabu yangu iko wapi?" Mimi, anasema, nilipiga makofi. Nikawageukia watu nikasema, "Kitabu yangu! Mmemsikia Mzungu wetu?" Sebule nzima ikacheka. Binamu zake wakampa jina, na kwa miaka wakimwita Kitabu Yangu. Tangu siku ile hakusema Kiswahili tena mbele ya mtu yeyote.

Ndugu zangu, mimi siku hiyo siikumbuki kabisa. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Kwa miaka zaidi ya 15 nilikuwa nikimwona mtoto huyu kila sikukuu, akinijibu kwa Kiingereza, nami nikilalamika kwa wenzangu barazani kwamba vijana wa siku hizi wameitupa lugha yao. Sikumwuliza hata mara moja. Na nilikuwa na sababu ya kujua. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitamka vibaya neno la Kiingereza mkutanoni, mkubwa mmoja akaliigiza, watu wakacheka, na mwaka mzima sikufungua mdomo tena katika mkutano. Palikuwa na wazee wawili katika ofisi ile, yule wa ngazini na huyu wa mkutanoni. Nyumbani kwangu nilimwiga huyu wa mkutanoni.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kuna kucheka lugha na kuna kumcheka mtu, nasi katika jamaa zetu za ughaibuni tumevichanganya, na watoto wamelipa.

Sisi tumetoka kwenye nchi za utani. Bara, mtani wako anaweza kuja matangani akamfanyia mzaha maiti, na hakuna wa kumkasirikia, kwani yeye ndiye atakayesaidia kumzika. Babu na mjukuu ni watani kwa mila. Babu humwita mjukuu wake mke wangu, naye humwambia babu kwamba hamtaki, hana meno. Lakini utani una mlango wa kurudia. Nikikurushia, unarusha. Mjukuu wangu alipoicheka COBOL, mimi niliicheka Python, tukawa sawa. Mtoto wa miaka saba mbele ya wageni 30 hana la kurusha. Huo si utani, ni dhihaka, hata tuupambe vipi.

Tazameni tena hao watu wa kompyuta. Wanazicheka lugha na mifumo, na wanajicheka wenyewe. Ken Thompson alipoulizwa angebadilisha nini lau angelitengeneza Unix upya, alijibu kwamba amri ya kuunda faili, aliyoiandika "creat", angeliongezea herufi "e" yake ya mwisho. Huyo ni mzee wa ukoo mzima, anajicheka kwa kosa la imla. Sisi wazee wa barazani, ni nani kati yetu amewahi kujicheka mbele ya watoto?

Wala sisemi kuwa hao ni malaika. Nao wana wakubwa waliozoea kuwavunja moyo wanafunzi. Linus Torvalds wa Finland, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, alijulikana kwa kuwatukana waliomletea kazi yenye makosa. Lakini mwezi wa Septemba 2018 aliandika hadharani akaomba radhi, akasema anakwenda kutafuta msaada ajifunze kufahamu hisia za watu, akakaa kando kwa muda. Hakupungukiwa na kitu.

Najua jibu la wenzangu, kwani nimekwisha kuambiwa. "Mzee, tukiacha kuwasahihisha, watasema Kiswahili cha ovyo, na lugha itaharibika." Sijasema tuache kusahihisha. Miaka 30 nimesahihishwa na mashine kila siku ya kazi. Katika COBOL ya zamani, nukta moja ikikosekana mwisho wa sentensi, hukumu yote inabadilika. Usiku mmoja mzima nilitafuta nukta moja kwenye karatasi za halmashauri. Mashine ilinikatalia mara elfu. Lakini iliniambia mstari wenye kosa, ikangoja. Haikuwaita majirani. Haikunipa jina.

Na hilo kosa lenyewe, jamani? "Kitabu yangu" husemwa kila siku Lubumbashi na Nairobi, na watu wanaoana, wanafanya biashara na kuzikana kwa Kiswahili hicho. Mimi napenda "kitabu changu kiko wapi" kuliko chochote, na nitakifundisha mpaka nife. Lakini mtoto yule aliuliza kitabu, na sote tulifahamu anataka kitabu.

Tena lugha haifi kwa makosa ya watoto. Mwaka 1960, COBOL ikiwa bado haijakamilika, Howard Bromberg, mmoja wa watungaji wake, alichoshwa na ucheleweshaji, akanunua jiwe la kaburi, akachongesha jina COBOL, akalipeleka Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Jiwe hilo leo limo makumbusho. COBOL bado haijazikwa. Kuna hadithi ya mwandishi wa COBOL aliyechoka na kazi za kuelekea mwaka 2000, akaomba agandishwe kwenye barafu mpaka fujo ipite. Wakasahau kumwamsha. Akazinduka, watu wenye nguo za ajabu wamemzunguka, wanamwambia: "Huu ni mwaka 9999, na faili yako inasema unajua COBOL." Tulicheka. Lakini mwezi wa Aprili 2020, wakati wa korona, gavana wa New Jersey alitangaza kweli kwamba wanahitaji watu wa kujitolea wanaojua COBOL, kwa sababu mashine za jimbo zilikuwa za zamani na wajuzi wamekuwa adimu. Waliobaki wengi wao ni wazee kama mimi.

Hofu yangu iko hapo. Makosa yanasahihishwa. Lakini lugha ikibaki kwa wazee peke yao, siku moja mjukuu atafungua sanduku lenye barua za babu yake kutoka Unguja, Mombasa au Maskati, na atatafuta nyumba hadi nyumba nani anaweza kumsomea.

Basi natoa mapendekezo matatu kwa mkutano wetu ujao. La kwanza, liwekwe sanduku mlangoni, na mtu mzima yeyote atakayemcheka mtoto kwa kosa la Kiswahili atoe pauni tano papo hapo, ziende kwenye gharama za kitabu hiki. La pili, tusahihishe kama mama zetu walivyotufundisha, kwa kujibu tu. Mtoto akisema "kitabu yangu iko wapi", mwambie "kitabu chako kiko juu ya meza". Amesikia, na hakuna aliyejua. La tatu, utani uendelee, lakini baina ya walio sawa. Tuwacheke Wamvita wanaosema "ndoo" wakitaka mtu aje, mpaka bi harusi wa Kiunguja akaenda kuleta ndoo ya maji; nao watucheke sisi. Na watoto waruhusiwe kukicheka Kiingereza chetu. Mimi nitakuwa wa kwanza, nina akiba.

Mjukuu wangu sasa ananiandikia kwa Kiswahili. Amenitengenezea programu ndogo, kwa Python, bila ya hodi. Unaandika jina la kitu na neno linalofuata, nayo inakwambia kama ngeli zinapatana. Nikaijaribu kwa yale maneno mawili yaliyotutenga. Ikanijibu: "Mstari wa 1: changu. Lakini nimefahamu."

Imebaki kulipa deni. Nilimcheka mbele ya watu, na si haki niombe radhi jikoni. Kwa hiyo naiomba hapa, ndani ya kitabu kinachoingia katika kila nyumba ya jamaa zetu, pamoja na nyumba za wale waliocheka nami siku ile. Mjukuu wangu, nisamehe. Kosa lilikuwa langu, wala halikuwa la ngeli.

Wabillahi tawfiq. Mungu atujaalie kukutana tena mwakani tukiwa wazima.